Wahamao Katika Mchezo Usio na Mwisho

Kijana wa Mumbuni, huko Machakos, akiwaarifu wazazi wake kwamba ameuacha mchezo wa kompyuta uliokuwa ukimfanya akeshe kwa miaka, habari hiyo aghalabu hupokewa kwa furaha isiyo na maswali: mama humshukuru Mungu, baba husema akili imerejea, na jirani hutoa hukumu kwamba utoto nao una kikomo chake. Hapana amwulizaye ameacha nini hasa, ameachana na akina nani, wala kwa nini ameacha mwaka huu na si mwaka jana, ilhali mwaka jana nao mitihani ilikuwapo, na stima ilikuwa ikipotea vilevile, na bei ya bando haikuwa nafuu. Maswali hayo yanastahili kuulizwa kwa insafu, maana michezo ninayoikusudia ina tabia yake ya peke yake, na rai yangu ni kwamba wengi waiachao hawaondoki kwa kuchoshwa na mchezo, bali kwa sababu watu waliokuwa wakiwaweka humo wametoweka, au kwa sababu deni walilokuwa nalo kwa watu hao limekuwa zito kuliko wawezavyo kulilipa.

Michezo hiyo ni ile ya uigizaji ambayo watu maelfu kwa maelfu huicheza pamoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika aliyemtunga mwenyewe, akampa jina, sura na ufundi, akamfanya mpiganaji au tabibu au mhunzi, akamwanzisha katika unyonge na kumpandisha daraja baada ya daraja kwa subira. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, ambako mwaka 1978 mwanafunzi Roy Trubshaw alianza, na mwenzake Richard Bartle akaendeleza, mchezo wa maandishi matupu ulioitwa MUD. Baadaye zikaja picha: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, na RuneScape mwaka 2001, ambao ulichezwa ndani ya kivinjari cha intaneti bila kununuliwa, na kwa hiyo ukamfaa hata mtu asiye na kompyuta yake mwenyewe, mwenye kulipia muda katika saiba. Mwezi wa Novemba 2004 ukatoka World of Warcraft, ulioipita yote kwa umaarufu hata ukatimiza wanachama milioni 12 wenye kulipa ada, mwezi wa Oktoba 2010. Ulimwengu wa mchezo wa namna hii hukaa katika seva, haulali mchezaji alalapo, wala hakuna siku ambayo refa atapuliza kipenga na kutangaza mshindi; na kwa kuwa hauna mwisho, kila anayeuacha huuacha ukiendelea, naye peke yake ndiye aamuaye kwamba imetosha.

Bartle huyohuyo, katika makala aliyoitoa mwaka 1996, aliwagawa wachezaji mafungu manne kwa hulka zao, yaani wapendao kufaulu na kukusanya mali, wapendao kuvumbua siri za ulimwengu ule, wapendao kusuhubiana na wenzao, na wapendao kuwashambulia wengine na kujionea nguvu zao. Tangu nilipoufahamu mgawanyo huu nimekuwa nikiutazama kwa upande wa pili, kama maelezo ya namna watu wanavyotoka. Mkusanyaji huondoka alipomaliza kukusanya au alipoambiwa aanze upya. Mvumbuzi huondoka ramani ilipoisha. Mshambulizi huondoka wanyonge walipomkimbia. Mwenye kupenda suhuba ndiye adumuye kuliko wote, na ndiye ninayemwandikia hasa, kwa kuwa kuondoka kwake hakuna sababu moja inayoonekana kwa macho, nako humwuma zaidi.

Ili kumwelewa, yapasa kujua kwamba sehemu kubwa na tamu ya michezo hii haiwezekani kwa mtu mmoja. Katika World of Warcraft ya mwanzo, kuyateketeza majoka na majitu ya pango kuu kulihitaji watu 40 kukutana saa moja, kila mmoja na kazi yake: wenye ngao mbele, matabibu nyuma, wapigaji pembeni, na mmoja wa kutoa amri. Mkaazi wa Ukambani hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa anao mwethya, ule ujima wa majirani waitanao kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, uliokuwa na sehemu kubwa katika kuvivika vilima vya Machakos matuta yazuiayo udongo kuchukuliwa na mvua. Aingiaye katika mwethya hukubali kwamba jembe lake nalo litatakiwa kwa wenzake, na asipofika mara mbili tatu bila udhuru, siku ya shamba lake ataona wachache. Chama cha wachezaji ni mwethya wa namna hiyo hasa. Vyama vingi, tangu enzi za EverQuest, viliweka hata daftari la alama, ambamo kila aliyehudhuria huandikiwa haki yake, na kwa alama hizo hununua nafasi ya kuchukua upanga au deraya itokayo kwa joka aliyeuawa, hata ikawa mtu aliyekosa majuma mawili kwa ajili ya msiba au mtihani hurudi akajikuta nyuma ya wenzake wote.

Mtafiti Nick Yee, aliyekusanya majibu ya wachezaji wapatao 30,000 katika miaka ya mwanzo ya karne hii, alipata kwamba walicheza kwa wastani wa saa 22 kwa juma, na kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 26, nusu yao wakiwa na kazi ya kutwa. Hao si watoto waliokosa shughuli. Ni watu wazima waliojitwalia ajira ya pili isiyo na mshahara, wakaipenda, na ambao siku moja hulazimika kuchagua.

Kwa mtu wa Mumbuni uchaguzi huo huja mapema na kwa ukali zaidi, kwa sababu ulimwengu anaoingia haukujengwa kwa kumkumbuka. World of Warcraft haina seva Afrika. Mwenzetu hujiunga na zile za Ulaya, na hapo saa yenyewe humgeukia kuwa mhasimu. Chama kikipanga kukutana saa mbili usiku kwa majira ya Paris, Machakos itakuwa saa nne usiku katika miezi ya baridi yao, na saa tatu katika kiangazi chao. Shughuli ikichukua saa tatu au nne, ambayo ni kawaida, kijana atazima kompyuta saa saba au nane za usiku, naye alfajiri anatakiwa awe katika ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Machakos, au barabarani na bodaboda yake, au mbele ya wanafunzi kama ni mwalimu. Wenzake wa Paris na Berlin huenda kulala wakati wa kulala, wala hawajui kwamba mmoja wao anawalipia ujirani huo kwa usingizi wake.

Kisha kuna umbali, ambao hauondolewi kwa fedha wala kwa bidii. Kabla ya mwaka 2009, ambapo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Mombasa, mawasiliano yetu ya intaneti na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ardhi, na amri ya mchezaji ilipanda na kushuka safari hiyo kabla haijajibiwa, hata adui akawa amekwisha kumpiga kabla hajamwona. Nyaya zilileta nafuu kubwa mno. Lakini nuru nayo ina mwendo wake, ambao ndani ya uzi wa kioo ni kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, na njia ya kutoka Machakos hadi Mombasa, na kupitia Bahari ya Sham na Misri hata kuingia Ulaya, na kurudi, hula takriban sehemu ya kumi ya sekunde hata mambo yakienda vyema, na aghalabu hula zaidi. Kwa anayesoma barua kipimo hicho si kitu. Kwa tabibu wa chama anayetakiwa kumwokoa mwenye ngao asiuawe, ndicho kinachotenga sifa na lawama. Na nyaya zenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika pamoja, na Kenya, Tanzania na jirani zao wakaishi siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Kuhusu stima nitataja usiku mmoja tu, ule wa tarehe 25 Agosti 2023, ambapo karibu nchi nzima ya Kenya iliingia gizani, na kila aliyekuwa pangoni na wenzake akatoweka bila kuaga.

Ada nayo ni mlima. Bei ya Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi, na mwanzoni mwa mwaka 2024, dola ilipopita shilingi 160, kiasi hicho kilikuwa shilingi 2,400 kabla ya kuhesabu bando na tokeni za stima. Tangu mwezi wa Juni 2022 imewezekana kulipa ng'ambo kwa kadi pepe ya M-Pesa, jambo lililowaondolea vijana adha ya kumwomba ami mwenye kadi ya benki; lakini wepesi wa kulipa hauifanyi fedha kuwa nyingi. Si ajabu basi kwamba michezo iliyoshika mizizi katika miji yetu ni ile ifaayo hali zetu, ya mpira wa miguu katika vibanda vya pleisteshoni, ambako mtu hulipia mechi moja, ikaisha kwa dakika chache, akampisha mwingine, na ile ya kupigana kwa simu, ambayo humalizika kabla bando halijaisha. Mkenya aliyepata sifa ya kimataifa katika mashindano ya michezo hii, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, aliipata katika Tekken, mchezo wa ngumi wa watu wawili uso kwa uso.

Msomaji anaweza kudhani kwamba sasa nimekwisha kumjibu: wameacha kwa sababu ya usiku, umbali na ufukara. La, sivyo. Mambo hayo yanaeleza vizuri kwa nini wengi hawaanzi, au huanza wakaacha katika mwezi wa kwanza. Hayaelezi hata kidogo kwa nini mtu aliyeyastahimili yote kwa miaka mitatu, akazoea kucheza kwa kutangulia nusu ya pumzi ili kufidia uzito wa mtandao, akajifunza kulala mchana siku za Jumapili, ghafula akaacha, hali usiku haujawa mrefu zaidi wala bahari haijaongezeka upana. Huyo ameacha kwa jambo lililotokea ndani.

Mara nyingi jambo hilo huanza kwa wengine. Mmoja katika chama amepata mtoto, wa pili amebadilishiwa zamu kazini, wa tatu amegombana na kiongozi juu ya upanga. Na kwa kuwa kazi ilihitaji watu kamili, pengo la watatu huwakwamisha wote waliobaki, usiku wa Jumanne hupita bila kufanywa lolote, na anayekuja akakuta hapana shughuli hujifunza kutokuja. Wakati mwingine pigo hutoka kwa wenye mchezo. Mwezi wa Januari 2007, World of Warcraft ilipopunguza idadi ya kikosi kikubwa kutoka watu 40 hadi 25, ikidhani inawarahisishia wachezaji, vyama vilivyokuwa na watu kamili vililazimika kuamua ni akina nani wabaki nje. Na katika uamuzi wa namna hiyo aliyechaguliwa naye hubaki na dukuduku.

Jambo la Desemba 2009 katika mchezo huohuo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kabla yake, mtu aliyetaka kuingia pangoni na wenzake wanne alisimama katika mji wa seva yake akinadi kwamba anatafuta tabibu, akajibiwa na fulani aliyemjua kwa jina au kwa sifa, wakasafiri pamoja hadi mlango wa pango, wakizungumza njiani; na mwenye kuiba au kuwakimbia wenzake katikati ya vita habari zake zilienea seva nzima, asipate tena wa kumchukua. Chombo kipya kilichowekwa mwezi ule kiliondoa hayo yote: mtu hubonyeza kitufe, mashine ikamkusanyia wageni wanne kutoka seva mbalimbali, ikawapeleka moja kwa moja pangoni, wakapigana, wakagawana, wakatawanyika wasionane tena milele, aghalabu bila hata salamu. Kwa haki yapasa nikiri kwamba chombo hicho kilimfaa sana mtu mwenye saa moja tu na tokeni zinazokaribia kuisha, na lau ningeulizwa siku ile na kijana wa Mumbuni kama akipokee, ningemwambia akipokee. Lakini matokeo yake ni kwamba adabu ilipoteza thamani, kwa kuwa hapana tena aliyeikumbuka. Sifa njema haikumfaa mtu kitu. Na mchezaji aliyekuwa akihitaji majirani akagundua kwamba anaweza kuishi bila wao, kisha baada ya miezi akagundua kwamba bila wao hana sababu ya kuingia. Hata kabla ya hapo, mwaka 2006, watafiti waliokuwa wakiongozwa na Nicolas Ducheneaut walikwisha kuonyesha kwamba wachezaji wengi wa World of Warcraft walitumia muda mwingi wakiwa peke yao katikati ya umati. Chombo kile kilikamilisha upweke uliokuwa umekwisha kuanza.

Fauka ya hayo kuna huzuni ya kazi kufutwa. Kila toleo jipya liliinua kikomo cha daraja, 60 ikawa 70, kisha 80, mpaka ikafika 120 mwaka 2018, na deraya iliyopatikana kwa miezi ya kukesha ikapitwa na vazi la kwanza liokotwalo katika nchi mpya. Kisha mwaka 2020 madaraja yote yakashushwa, aliyekuwa 120 akawa 50. Hesabu za wanachama zinaonyesha mwendo wa namna hii waziwazi: toleo la Novemba 2014 liliwarudisha watu hata wakapita milioni 10, na kufikia mwisho wa Machi 2015 wamebaki milioni 7.1. Walikuja kuona nchi mpya, wakaiona, wakaondoka. RuneScape nayo ilipata msukosuko wake mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, ilipozuia biashara huria baina ya wachezaji na mapigano ya nyikani, ikikusudia kuwadhibiti walanguzi wauzao dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi. Dawa ikawaumiza wengi waliokuwa hawana hatia, ambao maisha yao yote mle yalikuwa kununua, kuuza na kupeana, na waliondoka kwa hasira. Mwaka 2011 haki hizo zilirudishwa baada ya kura ya wachezaji.

Wako waachao kwa sababu mchezo umewadhuru, nami sitaki kulipita jambo hilo kimya, maana wazazi wana haki ya kuogopa. Shirika la Afya Duniani limeyaingiza maradhi ya michezo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, nalo limeyaeleza kwa hadhari: mtu hushindwa kujizuia, mchezo hutangulizwa mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na huendelea ijapokuwa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Aliye katika hali hiyo ni mgonjwa na apelekwe kwa mwenye ujuzi. Lakini kuwapachika wachezaji wote jina hilo ni dhuluma. Huko Norway alifariki mwaka 2014 kijana wa miaka 25, Mats Steen, aliyekuwa na maradhi ya misuli yaliyomfunga kitini, na wazazi wake waliosikitika kwamba mwanao ameishi bila marafiki walishangaa kupokea barua za rambirambi kutoka nchi nyingi, na kuwaona wanachama wa chama chake cha World of Warcraft, kiitwacho Starlight, wamesafiri kuja kumzika. Mzazi aliyesikia kisa hicho hawezi tena kusema kwa wepesi kwamba mtoto wake anaongea na vivuli.

Ushahidi wa mwisho ninaoutegemea ni wa wale waliorudi. Miaka mingi walioondoka walidai warudishiwe mchezo wa zamani, wengine wakijenga seva zao zisizo na idhini, na tarehe 27 Agosti 2019 wenye World of Warcraft wakaufungua tena mchezo ulivyokuwa katika miaka yake ya kwanza, na milima ileile, na mapango yaleyale ya watu 40. Foleni za kuingia zilikuwa ndefu siku zile za kwanza. Nionavyo, waliokuja na wenzao wa zamani, au waliobahatika kupata chama kipya, walikaa na kufurahi. Waliokuja peke yao waliikuta milima, wakaizuru, na baada ya majuma machache wengi wao wakaondoka tena. Kwa upande wa pili kuna chama kiitwacho The Syndicate, kilichoundwa mwaka 1996, ambacho wanachama wake waliingia pamoja katika Ultima Online, kisha katika michezo iliyofuata, bila kuachana.

Vyama vingi vya siku hizi vimefanya vivyo hivyo kwa njia nyepesi zaidi, vikahamia katika Discord au kundi la WhatsApp, ambako watu huzungumzia watoto, kazi na mpira, na mchezo uliowakutanisha hautajwi kwa majuma. Kuna adabu pia ya kuondoka, ambayo wenye murua huishika: mchezaji huaga, huigawa dhahabu yake kwa wanaoanza, hurudisha ghalani vilivyo vya chama, na huacha anwani apatikanako. Kijana wa Mumbuni asiyeweza tena kukesha hadi saa nane za usiku hana haja ya kudai kwamba mchezo ulikuwa upuuzi ili apate ruhusa ya kulala. Anaweza kuwaambia wenzake wa Paris ukweli, kwamba saa zao zimemshinda na kwamba bado angependa kusikia habari zao, na wengi wao watamwelewa, maana hata huko Ulaya wako waliopata watoto na zamu za usiku.